Maji ya Ndizi

Sikuwahi kutulia jikoni. Kila mara nilichungulia mlangoni kama kuna jirani anapita, maana hapa kwetu Kerende mwanamume wa Kikurya akionekana anapika ilhali mkewe yumo ndani, habari zitamtangulia sokoni. Lakini figo za mke wangu zilikuwa zimeshindwa kazi, alikuwa anasafishwa damu kwa mashine, na nyumbani tulikuwa wawili tu.

Mhudumu wa lishe hospitali alinifundisha mimi. Ndizi mbichi zikatwe vipande vidogo, zilowekwe, zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Maji yale hubeba madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, na yakizidi mwilini moyo unaweza kusimama. Wachimbaji wenzangu mgodini walikuwa wanayatafuta madini kufa na kupona, mimi nayamwaga nyuma ya nyumba.

Kisha mama yangu akaja kutusaidia kuuguza. Alinikuta na mwiko, akaninyang'anya.

"Toka humu, mwanangu. Wenzako watasemaje?"

Nikatoka. Aibu ilinifunga mdomo, sikumwambia lolote kuhusu yale maji. Nilijidanganya kwamba mke wangu angesema mwenyewe, kana kwamba sijui kuwa kwetu mkwe hamfundishi mama mkwe kupika. Nikawa nazunguka uani, nakaa, nainuka, nasikia mama akimwambia mkwewe, "Kunywa supu ya ndizi, mama. Nguvu yote imo humu."

Siku ya nne miguu ya mke wangu ilikataa kusimama na moyo ukawa unadunda ovyo. Hospitali daktari aliuliza kama chakula kilikuwa kimebadilika.

"Sijui, daktari," nilisema, mama akiwa kando yangu.

Ni mama aliyeeleza, tena kwa fahari, jinsi alivyokuwa hapotezi hata tone la supu. Alipoelezwa madhara yake alikaa chini sakafuni akalia. Mimi niliona afadhali ardhi inimeze.

Mke wangu alinusurika. Tuliporudi nyumbani niliingia jikoni mchana kweupe, wajomba zangu wakiwa uani, nikamwaga maji ya ndizi mbele yao. Nikampelekea mke wangu sahani, nikakaa karibu naye.

Alikula nusu, akaiweka chini.

"Kila bakuli nililokunywa," alisema, "nilikuwa nakusubiri wewe useme."