Wembe Uliowekwa Chini

Miaka ile vipuri vya redio vilipoanza kuingia tena madukani, mdogo wangu, fundi redio hapa Bunda, alikuwa anaunda kisanduku cha betri cha kuonyesha kama ubongo wa majeruhi aliyezimia barabarani bado unafanya kazi. Alikuwaga anakijaribia kwangu. Jioni moja alikileta nyumbani kwangu; kesho yake daktari angekuja kukiona. Mshale wake wa kupimia usipocheza, angechukua vifaa alivyomwazima.

Mshale haukucheza. Nyaya za kisanduku hazikufika kwenye ngozi ya kichwa changu kwa sababu ya nywele. Mdogo wangu akachukua wembe.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Mwanangu yuko Kisorya anasubiri kivuko, wewe unamnyoa mke wake? Umeshamzika?"

Kwetu mwanamke ananyolewaga mume akifa. Nikashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, ni kidogo tu, hapa na hapa," mdogo wangu akamwambia.

"Anza na mama yako."

Mdogo wangu akaweka wembe chini, akanibandika nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, pasipo na nywele. Mshale ukatetemeka.

Mama mkwe akausogelea. "Akili yake ndiyo hiyo? Mbona ndogo."

Asubuhi daktari aliondoka mikono mitupu; vifaa vyake vilibaki kwa mdogo wangu.