Nilivyompima Kaka Yangu Muyinga

Niliondoka Gitega kwa sababu mama aliniagiza. Alitoka nyumbani Bukirasazi siku ya Alhamisi, akafika shuleni kwangu Mushasha, hapo hapo Gitega, akasubiri nje ya darasa hadi kipindi kilipokwisha, kisha akasema bila hata kukaa: "Kaka yako anataka kupigana na watu ili alipwe. Mvua imekaribia na shamba halijalimwa. Kamrudishe."

Kaka yangu Eliasi alikuwa amekaa miaka miwili huko Gasorwe, upande wa Muyinga. Mchana alipakia magunia sokoni, jioni alijifunza ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Jumapili hiyo angepigana mjini Muyinga katika uzito wa juu, ambao huanzia kilo tisini na tatu. Kocha mmoja wa Mwanza alikuwa amekuja kutafuta mtu wa uzito huo, ampe chumba, chakula na mshahara. Sisi tulikulia Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, kwa hiyo Mwanza haikumtisha Eliasi. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba mwili wa binadamu si bidhaa. Nilikubali kwenda, hotuba yangu nikiwa nimeiandaa kichwani.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kituoni Gitega. Gari lilikuwepo, petroli haikuwepo. Tulikaa juu ya mizigo hadi saa tano, na hakuna aliyelalamika, kwa maana kulalamika nako kunachosha. Tulipita Karuzi abiria wengi wakiwa wamesinzia. Nilishuka Muyinga alasiri nikakodi baiskeli ya kunifikisha Gasorwe. Kwenye kila mlima mwenye baiskeli na mimi tulishuka tukaisukuma pamoja. Milima ilikuwa mingi, na nililipa nauli kamili ya safari ambayo nusu yake niliitembea.

Gasorwe, jua likielekea kuzama. Eliasi alikuwa anashusha gunia la mwisho. Alinikumbatia, akanikaribisha chumbani kwake, akanipa mihogo na maharage. Nikaanza.

"Kaka, hivi kupigana kunalipa?"

"Na ualimu unalipa? Hivyo viatu si vile ulivyovaa kwenye harusi ya dada?"

"Nazungumzia utu wako."

"Utu wangu unabeba magunia tangu alfajiri, mdogo wangu." Alisukuma bakuli upande wangu. "Kocha amesema Mwanza nitakula mara tatu kwa siku. Mara tatu! Hotuba yako ina kitu kama hicho?"

Haikuwa nacho. Nililala nimejikunja kwenye mkeka wake.

Jumapili asubuhi tulifika Muyinga kwenye ukumbi wa mapigano. Mzani ulikuwa wa kupimia kahawa, umeazimwa kwa mfanyabiashara mmoja, na ubishi ulikuwa juu ya nani ausome. Watu wa mjini hawakuwaamini watu wa Gasorwe, na wa Gasorwe hawakuwaamini wa mjini. Eliasi ndiye aliyenitaja. "Huyu ni mdogo wangu, mwalimu wa Mushasha," alisema kwa fahari. "Huyu hajawahi kudanganya hata mama akiwa ameshika fimbo." Watu walicheka, wakakubali.

Wa kwanza kupanda alikuwa mpinzani wake, mchinjaji mmoja wa mjini aitwaye Rama, mtu mpana mwenye kofia ya kufuma.

"Soma polepole, mwalimu," alinong'ona. "Bibi yangu, mama ya watoto, iko hapa anasikia."

Nilisoma: kilo mia moja na nane. Kisha akapanda Eliasi, na nikaona tisini na moja na nusu. Alinitazama. Sote wawili tulijua neno moja dogo lingetosha, na kwamba hakuna mwingine aliyekuwa karibu na mzani.

"Tisini na moja na nusu," nilisema.

Nilisema kweli. Lakini nakiri kwamba moyoni nilifurahi, maana kweli hiyo ilikuwa inamrudisha nyumbani kama nilivyotumwa. Tangu siku hiyo sijui kama niliusoma mzani kwa uaminifu au kwa faida yangu.

Kocha alitazama saa yake. "Nampa saa moja."

Eliasi alikaa karibu na bomba na kidumu cha maji, akanywa kikombe baada ya kikombe, akala na chane nzima ya ndizi. Watu walimzunguka wakishangilia: "Jaza tangi! Jaza tangi!" Aliporudi juu ya mzani, tumbo likiwa limevimba, nilisoma tisini na tatu na robo. Hiyo pia ilikuwa kweli.

Saa tisa alasiri walipigana. Raundi ya kwanza Eliasi alikwenda vizuri, akarusha mateke yaliyomrudisha Rama nyuma. Raundi ya pili Rama alimwangusha na kumlalia, na maji yakamtoka kaka yangu mdomoni yakatapakaa mkekani. Watu walicheka. Rama akaushika mkono wake wa kulia, akaupinda. Kupiga mkeka mara mbili kungetosha kukiri kushindwa, lakini Eliasi hakupiga. Tulisikia kiwiko kikilia. Rama ndiye aliyemwachia kabla mwamuzi hajaingilia, akapiga kelele aitwe daktari.

Kwenye zahanati Rama alikuja na nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akaketi nami kwenye benchi.

"Mzee, kupigana kunalipa?" nilimuuliza.

"Kunalipa muganga wa zahanati, mwalimu." Alicheka, akajishika mbavu. "Kocha anasema twende naye Mwanza. Nikamwambia non, merci. Mi niko na boucherie yangu, duka ya nyama, niko na watoto tano. Ng'ombe ya kesho, we utachinja?"

Kocha alisimama mlangoni kidogo tu. "Mkono ukipona, njoo na kilo mia za nyama," alimwambia Eliasi. "Sichukui mtu wa maji."

Jumatatu tulirudi, Eliasi akiwa ameketi dirishani, mkono umefungwa kwa khanga. Tulikuwa tumeshapita Karuzi aliposema: "Ungeweza kusema tisini na tatu."

"Ningeweza."

"Nilikutaja mimi mwenyewe," alisema, akafumba macho.

Tulilala Gitega, na Jumanne tukafika Bukirasazi. Mama aliupapasa ule mkono. Nilimsimulia yote, nikitarajia shukrani kidogo, kwani nilikuwa nimemrudisha mwanawe.

"Walimweka kwenye mzani mbele ya watu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu akaonekana mwepesi?"

"Kwa kilo moja na nusu tu, mama."

"Na wewe ndiye uliyetangaza." Akamgeukia Eliasi. "Huyo kocha anataka kilo ngapi?"

"Mia."

Nilikwenda Muyinga kuuliza kama kupigana kunalipa, na nimejifunza kwamba swali hilo ni rahisi kwa aliyekwisha kula. Mama aliinuka, akashusha kapu lililoning'inia juu ya jiko, akayakung'uta majivu maharage yaliyohifadhiwa humo na kuyamimina chunguni.

"Mama, hiyo ni mbegu."

"Najua ni mbegu."

Kesho yake mvua ya kwanza ilinyesha. Nililima peke yangu, nusu ya shamba, kwa kuwa mbegu iliyobaki ilitosha nusu.