Ng'ombe wa Baba Mdogo na Bomba Langu la Moshi

Baba mdogo wangu simpendi, na sitajifanya hapa. Nyumba yangu, huko Kimulot, iko nyuma ya shamba lake la majani chai, na njia pekee ya pikipiki inapita kando ya boma alipokuwa akikamua ng'ombe wake mmoja. Babu alituachia njia hiyo kwa mdomo tu, na babu ni marehemu.

Pikipiki yangu ni kubwa, ya safari ndefu, na ndiyo inayonifikisha kazini Kabianga. Ilitoka kiwandani imezibwa pumzi. Milima yetu ilikuwa ikiipanda kama mtu mwenye pumu. Nikaweka chujio linalopitisha hewa nyingi na bomba la moshi lililo wazi zaidi. Petroli sikuigusa, kwa hiyo hewa ikaizidi, na kila nikiteremka kwa baba mdogo bomba lilipiga mishindo. Fundi wa Kericho akaunganisha kompyuta yake, akaongeza petroli, mishindo ikakoma. Ilibaki sauti nzito tu, niliyoipenda kuliko sauti za ndugu zangu wengi.

Kwetu watu hawagombani karibu na ng'ombe anayekamuliwa, maana huzuia maziwa. Kwa hiyo baba mdogo aliposema pikipiki yangu imemkausha ng'ombe wake, kilima kizima kilimwamini. Ng'ombe mwenyewe alikuwa kikongwe, meno yameisha, lakini nani auulize umri wa ng'ombe wakati yupo mtu wa kulaumiwa? Akafunga njia kwa magogo ya mkaratusi. Nikawa naacha pikipiki dukani kwa watu, napita katikati ya michai na suruali imelowa hadi magotini, namlaani kimoyomoyo.

Mwishowe nikarudisha bomba la zamani na chujio la zamani, na fundi akarudisha petroli kama ilivyokuwa. Hasira ilinipanda kwa kila nati niliyokaza. Baba mdogo alisikiliza injini ikikohoa kwa adabu, akasema atafikiria. Kisha akaniambia nimbebe hadi soko la Siongiroi, ambako ng'ombe alikuwa ametangulizwa kwa pikapu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikambeba.

Mnunuzi alikuwa mtu wa mjini mwenye viatu vyeupe, hata mdomo wa ng'ombe hakuufungua. Alishika kiwele tu, akauliza mbona kitupu.

Baba mdogo akaninyooshea kidole. "Uliza huyu. Pikipiki yake ndio ilimaliza maziwa. Ukimweka mahali kimya, yatarudi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote huo alikuwa akiniandaa kuwa shahidi wake. Nikisema kweli, magogo yatabaki njiani mpaka nizeeke. Na uso wake ulikuwa umetulia, kwa sababu hilo alilijua vizuri. Niliuchukia uso ule.

"Ni ukweli, mzee," nikamwambia mnunuzi. "Ni kelele yangu."

Ng'ombe akauzwa. Njiani kurudi baba mdogo alinishika kiuno, akaisifu pikipiki kwa upole wake, na tulipofika akaondoa magogo kwa mikono yake mwenyewe, akayalaza majanini. Sikumshukuru.

Wiki hiyohiyo nilifunga tena bomba langu na chujio langu, nikaipeleka pikipiki kwa fundi airekebishe petroli upya. Nilirudi asubuhi, saa ya kukamua. Nikasimama kando ya boma, nikavuta mkono wa mafuta mpaka mabati ya jiko lake yakatetemeka. Akatoka mbio, hasira imemjaa, akasema alichozoea kusema.

"Utashtua ng'ombe, wewe!"

Nikazima injini ili anisikie vizuri.

"Ng'ombe gani, baba mdogo?"

Akageuka kuliangalia boma tupu, kisha akayaangalia magogo. Nikamwambia taratibu kwamba kwa yule mnunuzi ninapajua, pako kwenye njia yangu ya kazini. Akarudi ndani. Magogo yale yameanza kuota uyoga.