Msiba wa Baba, Baba Akiwepo

Neno la siku hiyo lilikuwa "anxious." Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tunduma, na kidato cha pili walikuwa wameninunia, kwa sababu kamusi imeshasema ni mwenye wasiwasi, sasa mwalimu anataka nini tena. Nikawaambia kwa madaha: anxious ni mtu ambaye bado hajajua. Mama anayesubiri majibu ya mtoto wake hospitali yuko anxious. Akishapewa majibu, ama analia ama anacheka, na neno hilo halimhusu tena. Nilijipenda sana siku ile.

Natoka tu darasani, baba mdogo akapiga simu kutoka Kamsamba, anakoishi baba yangu.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako anakusalimia. We njoo tu."

Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Unaambiwa "njoo tu," na mwenye akili anafunga kanga. Ningeweza kuuliza swali moja. Sikuuliza. Mimi, mwalimu wa anxious, sikuwa anxious hata dakika moja. Niliruka moja kwa moja hadi msibani.

Nilifika kesho yake mchana, jua la Kamsamba linachoma kama pasi. Kwetu pia binti haingii msibani kimya. Anaanza kulia angali mbali. Nikaanzia kwenye majaruba ya mpunga ya majirani. "Baba weee! Umeniacha na nani!" Majirani, ambao hawakuwa na habari yoyote, wakatupa majembe, wakanishika mabega na kulia kwa sauti kunishinda. Hakuna aliyeuliza nani kafa. Tuliingia uani kama watu kumi na tano, na baba akatoka ndani mbio, tonge la ugali mkononi, macho yamemtoka.

"Jamani, nani kafa?"

Kilio kikakatika. Mama mmoja aliyekuwa anajigaragaza chini akainuka na kujipangusa vumbi, amenikasirikia kabisa.

Baba akanitazama, akaitazama kanga yangu. "Kumbe ni mimi," akasema, akamalizia tonge lake. Mpaka leo akisimulia kisa hiki, hapo ndipo anapopapenda.

Nilimkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hatulifanyi. Nilikuwa na hasira naye, na furaha ilikuwa inanitoa machozi mapya.

Watu walipoondoka ndipo akasema kwamba kesho asubuhi anakwenda Vwawa kupasuliwa ngiri. "Nilitaka mtu wa kunibebea begi," akasema. Begi lenyewe lilikuwa na shati moja na kipande cha sabuni. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena.

"Unaogopa, baba?"

"Mimi? Niogope nini?" Akalipapasa begi. "Hivi, wale uliokuja nao, walilia kweli?"

"Walilia sana."

"Hata yule jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba?"

Yule hakuja. Nilimwona kwenye jaruba lake akinyoosha mgongo, akatutazama tunavyopita na kilio chetu, kisha akainama akaendelea kupalilia.

"Huyo ndiye aliyelia kuliko wote, baba."

Akalifungua begi kwa mara ya mwisho, akalifunga, akalisogeza mlangoni na kwenda kuoga. Uongo huo sijautubu.