Gari Nililolichagua kwa Mwaka Wake

Mimi ni fundi wa bodi za magari hapa Bwaise, Uganda. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo haya ninayoyaandika juu ya chuma, mtu aliyesoma anaweza kuyakosoa, na pengine atakuwa na haki. Ninachojua nimekipata kwa kukata mabati ya magari ya zamani na kuchomelea mengine.

Nimeona hivi. Magari mawili ya aina moja na sura moja hayaozi sawasawa ikiwa yametengenezwa miaka tofauti. Ukikata mlango wa lile la awali, unakuta bati tupu, na kutu imeshika kwenye mkunjo wa chini ambako maji hukaa. Ukikata la miaka miwili baadaye, unakuta utando wa kijivu wa zinki, maungio yamepakwa gundi ya kuzuia maji, na matundu ya kutolea maji yameongezwa. Mzee aliyenifundisha kazi alisema watu wa viwandani hujifunza kwa malalamiko ya wateja, wanarekebisha kimyakimya, sura ya gari inabaki ileile. Kiwanda chenyewe sijawahi kukiona. Lakini maneno hayo yalinipatia sifa. Watu walikuwa wakisema, "Muulize yule, yule anajua miaka." Nilipenda sana kusikia hivyo. Naliandika hilo ingawa linanitia aibu, maana bila hilo kosa langu halielezeki.

Ijumaa moja alinipigia simu askari mmoja wa kike, mtu wa kaskazini, aliyekuwa karibu kustaafu. Mama yake miguu ilikuwa imekwisha nguvu, na kila wiki lazima afike hospitali. Walikuwa wakimpandisha bodaboda, dereva mbele, mama katikati, yeye nyuma amemkumbatia asianguke. Sasa alikuwa amepata cha kununulia gari, moja tu, na hakuna la pili. Alikuwa kwenye yadi ya magari yaliyotumika Japani, mbele yake magari mawili ya aina moja, jeupe na la kijivu.

Nikaenda nimeshavaa kanzu ya swala, mpya, rangi ya maziwa.

"Eh, Sheikh!" akasema. "Umekuja kunichagulia gari ama kunifungisha ndoa?"

"Ndoa tutaongea baadaye, Afande. Tuanze na gari."

Nikavuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho, nikasoma kile kitambaa kilichoshonwa chini ambacho huonyesha mwaka. Jeupe lilikuwa limetengenezwa miaka miwili baada ya la kijivu. Hapo nikaanza hotuba: zinki, gundi, matundu. Nikagonga mlango kwa kidole, nikamwambia asikilize mlio. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama kunisikiliza, nami nikapandisha sauti.

Muuzaji, na nasema hivi ili asilaumiwe, alileta kipande cha boksi akakitandika chini. "Mzee, lala hapa utazame chini ya gari, hakuna shida."

Nikatazama boksi. Lilikuwa na oili. Nikatazama kanzu yangu. Swala ilikuwa imebakiza karibu saa nzima, kwa hiyo siwezi kusema nilichelewa.

"Hakuna haja," nikasema. "Mwaka umeshajibu. Chukua jeupe."

Akalichukua.

Misimu miwili ya mvua baadaye alikuja gereji na mama yake kwenye kiti cha mbele. Viatu vya mama vilikuwa vimelowa. Nikainua zulia chini ya miguu yake, nikabonyeza bati, kidole changu kikapita nje. Safari hii nililala chini. Kabla halijauzwa, sakafu ilikuwa imepuliziwa rangi nyeusi nzito kwa chini, na ndani ya rangi hiyo bati lilikuwa limevimba na kuachana kama magome. Milango ilikuwa mizima kabisa, zinki yake inang'aa. Nimeyaona magari ya namna hiyo. Maisha yao ya kwanza yalipita kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi haisomi mwaka kwenye mkanda. Ule uvimbe ungeonekana siku ileile, hata chini ya rangi, kwa mtu aliyelala kwenye boksi.

Askari akainama karibu yangu. "Ni maji ya Bwaise, si ndiyo? Ile mvua kubwa nilipita kwa maji mpaka hapa." Akajigusa goti.

Alikuwa ananipa njia bila kujua.

"Inaweza kuwa," nikasema.

"Mwanangu, usimsumbue Sheikh," mama akasema kutoka kitini. "Maji ni ya Mungu."

Niseme kwa haki: maji ya Bwaise huozesha magari kweli. Lakini si hivyo, na si kwa mvua mbili. Nilikata sakafu ile siku tatu, na kila kipande nilichotoa kilikuwa na kutu ya zamani kuliko safari ya gari kuja Uganda. Mama alikosa hospitali wiki ile. Nilijua hilo nilipokuwa nikichomelea.

Siku ya nne askari akaja kuchukua gari. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, mikono nyuma kama mtu wa paredi.

Akasema, "Siku ile nilikuona ulitazama kanzu. Mimi nikasema huyu ni mtu wa swala, si vizuri kumuambia lala chini. Nilikuheshimu, Sheikh."

"Najua, Afande."

"Hujui. Mama alinishukuru kwa ajili yako." Akapiga teke tairi, si kwa nguvu. "Sasa hii umeweka, itakaa miaka ngapi?"

Zamani ningejibu bila kupumua. "Sijui," nikasema. "Nimekata mpaka nilipofikia bati zima. Pembeni, ndani ya mhimili unaobeba sakafu, sijaona kote."

"Kale, sawa. Panda. Kaa kiti cha mama."

Nikapanda. Akatoa gari barabarani. Niliweka nyayo juu ya bati langu jipya, chini ya zulia lile ambalo bado lilikuwa na unyevu. Mbele ya maduka ya mbao kuna shimo ambalo kila dereva wa huku hulikwepa. Yeye hakulikwepa. Aliliona, akalishika katikati.

Tulipoingia shimoni nilijikuta nimeinua miguu yote miwili juu.

Gari likatoka. Sakafu ilikuwa nzima. Yeye hakuwa anatazama barabara, alikuwa ananitazama magoti.

"Shusha miguu," akasema. "Mama hawezi kuinua ya kwake."

Akageuza gari, akarudia shimo lile mara ya pili.