Mikeka ya yoga

Leo nlikwenda kufundisha yoga, nkarudi nimepewa mkono wa pole.

Skulini kwetu watoto wengi wanakuja hawajanywa chai. Wakifika ni ugomvi tu. Nkasema leo niwatulize.

Nkaazima mikeka, nkaitandika darasani.

"Kaeni, fumbeni macho, vuteni pumzi taratibu. Asiseme mtu."

Wakatulia mpaka nkaogopa.

Mara Mwanaidi, aliyekaa mbele, akaninong'oneza: "Mwalimu, kafa nani?"

Ana haki. Kwetu mikeka na kimya kama kile ni msibani.

Nlitaka kucheka, nimwambie hajafa mtu.

Mdomo ukasema: "Mama yangu."

Wala si msiba wa leo. Arobaini ishapita zamani, na tangu siku ile hakuna aliyeniuliza habari zake.

Mwanaidi akainua mikono, darasa zima likafumbua macho, likamfuata. Sikuwa na la kufanya. Nkaomba dua, wakaitikia amin, wakaja mmoja mmoja kunipa mkono.

Sasa niko nyumbani, Kiembe Samaki. Nimetandika mkeka, nimeomba tena, nkasikiliza.

Nyie mnaokaa peke yenu, nani anakuitikieni amin?