Kahawa Mbichi Ndani ya Kofia

Mpaka leo mtu akiniuliza mama yangu alitibiwaje mkono, naanza kueleza halafu nakwama. Alivalishwa kofia iliyomfunika macho na glavu yenye nyaya, akavuna kahawa isiyokuwapo ndani ya chumba cha hospitali mjini Thika, na mkono ukarudi. Ukielewa, basi umenizidi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama alikuwa amevuna kahawa katika mashamba ya Ruiru tangu kabla sijazaliwa, hadi asubuhi moja alipoanguka katikati ya mistari ya mibuni. Alipoinuliwa, upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Mguu ulipata nafuu. Mkono ulikataa. Hospitalini walimpa mpira wa kufinya. Akaufinya mara mbili, akaniuliza kama nimemleta nasari, shule ya watoto wadogo. Mimi nilikuwa karani katika kiwanda kimoja, nikiishi mtaa wa Makongeni hapo Thika, na hasira zangu haziko mbali. Nilimwambia akikataa mazoezi asije kunililia mkono ukikauka. Najuta, lakini nilisema.

Ndipo akaja mtaalamu mmoja wa kigeni na mitambo yake. Daktari wa mazoezi, mwanamke wa makamo aliyekuwa mkalimani wake, alinieleza mara tatu. Ndani ya kofia mna televisheni mbili ndogo, moja kwa kila jicho. Mgonjwa akigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Glavu inajua kila kidole kimejikunja kiasi gani. Sanduku lililo mezani linajua mkono uko wapi hewani, lakini chuma hulichanganya, na ndiyo maana mama alivuliwa bangili na kitanda kikatolewa nje. Mkono wa mgonjwa ukisogea kidogo, mkono wa kwenye picha unasogea zaidi, naye anapata moyo wa kujaribu tena. Niliitikia kwa kichwa. Nilichokuwa nimeelewa ni kitanda kutolewa nje.

Sharti lilikuwa moja. Kila mgonjwa angejaribiwa Jumatano tatu, na asiyeweza kufuata maagizo angempisha mwingine, maana foleni ilikuwa ndefu na mtambo ni mmoja.

Jumatano ya kwanza mama aliambiwa ashike mipira ya kijani na asiguse myekundu. Akaitikia. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimemwelekea mtaalamu, kwa hiyo mimi nilichoona ni mama tu, amekaa kitini na lile likofia kichwani, akipapasa hewa. Kisha nikaona kiwiko kinainuka. Mkono ambao kwa miezi, tangu aje kuuguzwa kwangu, nilikuwa nauvisha sweta kama wa mtoto ulikuwa unapanda wenyewe, ukitetemeka, na vidole vinachuma kitu. Machozi yalinitoka. Nikamtazama mtaalamu nifurahi naye, nikakuta anatikisa kichwa.

Daktari alinivuta kando. Mkono, alisema, unafanya vizuri kuliko walivyotarajia, lakini mama yako anagusa alichokatazwa na kuacha alichoagizwa. Huenda ugonjwa umegusa na fahamu. Sikujua nishangilie au nilie. Mtu anawezaje kupona mkono na kupotelewa na akili siku hiyo hiyo, ndani ya nusu saa?

Tulipokuwa tukitoka getini mama akasema, kwa utulivu kabisa, "Ile shamba yao wameacha tu. Miti haijapogolewa sijui tangu lini."

Nikasimama. Nikamuuliza shamba lipi. Akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi, akaendelea kutembea.

Jumatano ya pili mambo yakawa yale yale, na mimi nikaamini. Jioni hiyo nilimwambia kwamba harudi tena Ruiru, atakaa kwangu moja kwa moja, nikafungua pembe ya leso yake nikatoa ufunguo wa chumba chake cha Ruiru. Sikumwomba. Niliuficha chini ya godoro langu. Nikaanza kumsemesha polepole, kwa sauti ya juu, na jirani akimuuliza hali, mimi ndiye nilikuwa nikijibu. Yeye akanyamaza. Ukimya wake nao nikauhesabu kuwa dalili.

Jumatano ya tatu daktari aligeuza kile kioo ili nijionee mwenyewe kabla mama hajaondolewa kwenye majaribio. Nikaona mti. Majani yake yalikuwa ya pembe nne kama maboksi, matawi yamekwenda ovyo, na katikati yake imening'inia mipira midogo, mingine ya kijani, mingine myekundu. Mkono wa picha ulipita kwenye ya kijani bila kuigusa. Ulifika kwenye mwekundu, vidole viwili vikauzungusha kidogo, vikauchuma, kisha mkono ukashuka hadi kiunoni na kuuachilia. Kiunoni, pale kikapu cha mvunaji hufungwa. Nilikuwa nimeuona mkono ule ukifanya hivyo tangu nikiwa nimebebwa mgongoni.

"Maitu," nikamwita, jina ambalo sisi Wakikuyu tunamwitia mama, "mbona huchumi hizo za kijani?"

"Hizo bado hazijaiva," akajibu kutoka ndani ya kofia. "Nikiweka kijani kwa debe, nyapara atamwaga yote chini."

Daktari akamkumbusha kwa upole kwamba aliambiwa kijani.

"Nilisikia. Nikaona hawa watoto hawajui kahawa. Lakini mtu huwezi kumkosoa kwa shamba yake."

Daktari alicheka mpaka akashika meza, kisha akamweleza mtaalamu kwa kirefu. Yule bwana naye akabonyezabonyeza kompyuta, na agizo likageuzwa: nyekundu ndizo za kuchuma. Mama alivuna mti ule hadi akaombwa apumzike. Akakataa kupumzika kabla hajamaliza mstari.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Wewe uliuliza daktari," akasema. "Mimi hukuniuliza."

Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa nimeuliza kila mtu isipokuwa mwenye mkono.

Aliendelea na Jumatano zake. Akaweza kushika kikombe, akaweza kufunga kitambaa cha kichwa. Daktari alisema mkono hufuata jicho, na mtu hujituma zaidi kwa kazi anayoijua kuliko kwa mpira wa kufinya. Labda. Mimi bado sielewi picha ya maboksi inaufundishaje mkono wa nyama.

Alasiri moja nilikuwa napanga nguo, mama akaja akasimama mbele yangu. Akanyoosha ule mkono wa kulia. Ulipanda polepole, ukageuka kiganja juu, na vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine.

"Ufunguo," akasema.

Nilienda kuutoa chini ya godoro bila kumtazama usoni. Nilipouweka kiganjani, akaufunga ndani ya ngumi, akaushika sana. Kisha akaanza kukusanya nguo zake.